Kozi za Bure za Uandishi wa Kiufundi za Google: Tathmini ya Mtu Aliyezisoma Mara Mbili

Mtu akiniuliza aanzie wapi ili awe mwandishi wa kiufundi, yaani mtu anayeandika miongozo ya kutumia programu na vifaa, mimi humwelekeza kwanza kwenye kozi mbili za Google, Technical Writing One na Technical Writing Two, kisha humwomba arudi tuzungumze akishazimaliza. Nimezipitia zote mara mbili: mara ya kwanza nilipokuwa nikitafuta njia ya kuingia katika kazi hii, na mara ya pili hivi karibuni, nikiwa tayari nimeandika miongozo mingi ya watumiaji na kuona ipi iliwasaidia watu na ipi ilibaki bila kusomwa. Tathmini hii imetokana na kulinganisha mara hizo mbili, kwa kuwa si yote niliyoyapenda nikiwa mwanagenzi ambayo nayaona yana uzito leo, na somo moja nililolipitia juujuu wakati ule ndilo ninalolitumia sasa kila siku ya kazi.

Kozi hizi zilitungwa kwa ajili ya wahandisi wa Google yenyewe, na mwaka 2020 zikafunguliwa kwa watu wote. Hazina ada, zinasomwa kwenye kivinjari cha kawaida, na kozi ya kwanza inaweza kumalizika kwa jioni mbili ikiwa msomaji anakielewa Kiingereza vizuri, kwani masomo ni mafupi na kila somo lina zoezi ambalo jibu lake linafunguliwa hapo hapo. Kila kozi ina sehemu ya kujisomea na sehemu ya darasani, ambako washiriki huketi wawili wawili wakabadilishana maandishi na kusahihishana. Miongozo ya wakufunzi nayo imewekwa wazi, kwa hiyo chuo, kampuni au hata kikundi cha marafiki kinaweza kuendesha darasa hilo bila kumsubiri mtu. Zipo pia kozi fupi mbili za nyongeza, moja ikihusu maandishi yanayoweza kutumiwa na watu wenye ulemavu na nyingine ikihusu namna ya kuandika ujumbe wa kosa, na hiyo ya pili naipendekeza kwa yeyote anayeandikia programu za kompyuta.

Kozi ya kwanza ni kozi ya sentensi. Inafundisha kueleza istilahi ngeni mara inapojitokeza, kutumia jina moja kwa kitu kimoja kuanzia mwanzo wa waraka hadi mwisho, kupendelea kauli ya kutenda kuliko ya kutendwa, kuchagua kitenzi chenye nguvu, kuipa kila sentensi wazo moja, na kugeuza sentensi ndefu yenye mambo manne kuwa orodha. Hakuna hata moja kati ya hayo litakalomshangaza mtu aliyewahi kufundishwa insha, na nilipoyasoma mara ya kwanza niliona ni mambo madogo mno kuitwa taaluma. Somo la kutumia jina moja kwa kitu kimoja, kwa mfano, nilidhani halihitaji hata aya nzima.

Miezi michache baadaye niliandika mwongozo wa kusakinisha programu ya kuhesabu mali ya ghalani. Katika hatua ya pili nilimwambia msomaji atengeneze “folda ya kazi”, na katika hatua ya saba nikamwambia ahamishe faili fulani kwenye “folda kuu”. Kwangu folda hizo zilikuwa moja. Nilibadilisha jina kwa sababu shuleni tulizoezwa kukwepa kurudia neno. Mtunza ghala aliyeujaribu mwongozo alikaa mbele ya skrini nami nikakaa nyuma yake bila kusema neno. Alipofika hatua ya saba alisimama, akapeleka mshale wa kipanya huku na huko kwa muda, akarudi kusoma hatua ya sita, kisha akatengeneza folda mpya, akaiita “kuu”, na kuweka faili humo. Programu ilipofunguliwa haikuona data yoyote. Alinigeukia akaomba radhi, kana kwamba kosa ni lake. Nimekuwa nikiisoma tena sehemu ile ya kozi kwa heshima tangu siku hiyo, na ningependa waandishi wa kozi wangeweka humo mfano wenye madhara ya namna hii badala ya kuishia kwenye sentensi za mazoezi tu, maana mwanafunzi hawezi kupima uzito wa kanuni asipomwona mtu aliyeumizwa na kuvunjwa kwake.

Somo nililosema nililipitia juujuu ni lile la hadhira. Linaweka jambo zima katika mfano wa hesabu: andiko zuri ni maarifa na ujuzi ambao msomaji anauhitaji ili afanye kazi fulani, ukitoa maarifa na ujuzi ambao tayari anao. Nilipolisoma mara ya kwanza niliona ni usemi wa kupendeza, nikaendelea na somo linalofuata. Leo siwezi kuanza kazi bila kuchora safu mbili kwenye karatasi, moja ya mambo ambayo msomaji lazima ayajue na nyingine ya mambo anayoyajua, kisha kuandika yale tu yaliyobaki katikati. Mtu aliyetengeneza mashine au programu ana shida moja kubwa: ameshasahau jinsi ilivyo kutokujua, na kwa hiyo huruka hatua tatu ambazo mikono yake inazifanya yenyewe. Kozi inalitaja tatizo hilo kwa uwazi, na ningekuwa mimi ndiye niliyepanga masomo, somo hili lingetangulia yote, hata yale ya maneno na sentensi, kwa sababu sentensi safi iliyoandikiwa mtu asiyekuwepo haimsaidii yeyote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo msomaji wa Kiswahili atalikuta na ambalo kozi, kwa haki yake, haikukusudia kulijibu. Mifano yote ni ya Kiingereza, na baadhi ya kanuni zimefungamana na sarufi ya lugha hiyo. Somo la kutofautisha aina mbili za virejeshi vya Kiingereza na mahali pa kuweka mkato halina kazi yoyote kwa anayeandika Kiswahili, na anaweza kulipita bila hasara. Lakini somo la viwakilishi linastahili kusomwa kwa makini zaidi kuliko lilivyo, kwa sababu Kiswahili kinatupa msaada mkubwa na papo hapo kinatutegea shimo.

Msaada ni ngeli. Kozi inaonya kwamba kiwakilishi kinapokaa mbali na nomino yake, msomaji hupotea, na inapendekeza visitengane kwa zaidi ya maneno kama 5. Sisi hatuna shida hiyo kwa kiwango kile kile. Nikiandika “Unganisha kifaa na waya, kisha ukikague”, kinachokaguliwa ni kifaa. Nikiandika “kisha uukague”, ni waya. Silabi moja tu imeondoa utata ambao mwandishi wa Kiingereza angelazimika kurudia nomino ili auondoe. Shimo ni hili: maneno mengi ya kiufundi tuliyoyakopa yameingia katika ngeli moja. Programu, data, seva, kompyuta, kamera, betri na mashine yote huchukua kiambishi kile kile katika umoja, na hapo ngeli hainisaidii tena. Tazama sentensi hii: “Programu ikituma data kwenye seva kabla haijawa tayari, itafungwa.” Ni nini hakijawa tayari, na ni nini kitafungwa? Kuna nomino tatu na zote zinadai kiambishi hicho. Nimekutana na sentensi za namna hiyo katika miongozo iliyotafsiriwa, na nimeandika nyingine mwenyewe. Dawa yake ni kuivunja na kurudia nomino bila aibu: “Subiri seva iwe tayari. Ukituma data kabla ya hapo, programu itafungwa.” Yeyote atakayeisoma kozi kwa nia ya kuandika kwa Kiswahili na aongeze kanuni hii pembeni ya daftari lake, kwa sababu hataikuta kwenye masomo yenyewe.

Kauli ya kutendwa nayo ina sura yake kwetu. Tunaipenda mno katika maandishi rasmi, hasa ikiambatana na dhamira ya kuamuru kwa adabu: “Nenosiri libadilishwe kila baada ya siku 90.” Sentensi hii inasomeka vizuri na ina heshima, lakini haisemi nani anabadilisha. Ni mtumiaji? Ni msimamizi wa mfumo? Au mfumo wenyewe unalibadilisha na kumtumia mtu jipya? Watu watatu wataisoma na kila mmoja atadhani ni kazi ya mwenzake. Kuna pia mazoea ya kugeuza vitenzi kuwa nomino, tukaandika “Usakinishaji wa programu ufanyike kabla ya kufanyika kwa uunganishaji wa kifaa” mahali ambapo “Sakinisha programu kabla ya kuunganisha kifaa” ingetosha. Somo la vitenzi vyenye nguvu linaponya ugonjwa huu moja kwa moja, na hapa mifano ya Kiingereza inahamishika kwenda Kiswahili bila kupoteza kitu.

Nikiwa hapo niongeze neno kuhusu urefu wa sentensi, ingawa nitatoka kidogo nje ya kozi. Katika sekta ya usafiri wa anga kuna kiwango kiitwacho ASD-STE100, ambacho kinabana Kiingereza cha miongozo ya matengenezo kiasi kwamba sentensi ya maelekezo haitakiwi kuzidi maneno 20 na ile ya maelezo haitakiwi kuzidi 25. Ni kanuni yenye busara kwa lugha ile. Kwa Kiswahili kuhesabu maneno kunadanganya, kwani “asipokifungua” ni neno moja linalobeba mtenda, sharti, kanusho, mtendwa na tendo. Mimi huhesabu vitenzi vya amri badala ya maneno: hatua moja ibebe amri moja, na sharti, kama lipo, litangulie amri, ili mtu asizime mashine kabla hajasoma kwamba alitakiwa kuizima ikiwa tu taa nyekundu inawaka.

Kozi ya pili inahusu mambo ya kati: kujihariri, kupanga nyaraka kubwa, kutumia michoro, na kuandika mifano ya msimbo. Sehemu ya michoro ndiyo iliyonipa faida ya haraka zaidi. Inashauri uandike maelezo ya picha kabla ya kuchora picha yenyewe, ili ujue picha inapaswa kusema nini, na kwamba mchoro mmoja usibebeshwe zaidi ya msomaji anavyoweza kuumeza kwa mara moja. Nilipoanza kufanya hivyo, nusu ya michoro niliyokuwa nimepanga kuiweka katika mwongozo niliokuwa nikiuandika ilianguka yenyewe, maana nilipojaribu kuiandikia maelezo sikuwa na la kusema. Sehemu ya mifano ya msimbo ni nzuri pia kwa wanaoandikia watengenezaji wa programu, hasa inaposisitiza kwamba mfano lazima uwe umejaribiwa na ufanye kazi kama ulivyoandikwa. Ushauri wa kujihariri, kama vile kusoma kwa sauti, kuliacha andiko likae kisha kulirudia, na kufuata mwongozo mmoja wa mtindo, ni sahihi, lakini hauna mengi ya kuzungumziwa. Kozi hii ya pili, tofauti na ya kwanza, hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake ukiisoma peke yako, kwa kuwa uzito wake uko katika kubadilishana maandishi na mtu mwingine.

Ninalotaka kulisema waziwazi kwa anayefikiria kuifanya kazi hii maishani ni kwamba kozi hizi zilitungiwa wahandisi ambao wanaandika, si waandishi ambao watahitaji kuwaendea wahandisi. Tofauti hiyo inaamua nini kimo na nini hakimo. Mhandisi anakijua tayari kitu anachokiandikia. Mwandishi wa kiufundi hufika asubuhi akiwa hakijui, na lazima akijue kabla ya jioni. Sehemu kubwa ya siku zangu haiendi kwenye sentensi. Inaenda kwenye kumfuata mtu mwenye kazi nyingi na kumwuliza maswali ambayo yanaonekana ya kitoto, kukijaribu kifaa mwenyewe mpaka kigome, kuandika kilichotokea kilipogoma, na kumketisha msomaji mbele ya rasimu huku nimenyamaza. Kozi hizi hazifundishi namna ya kumhoji mtaalamu, wala namna ya kumpa habari kwamba hatua aliyoieleza haifanyi kazi kama alivyosema, wala namna ya kuendesha jaribio kama lile la mtunza ghala. Siilaumu Google kwa hilo, kwa sababu haikuahidi kufundisha hayo, lakini namwonya anayeingia asidhani kwamba akimaliza masomo haya ameiona kazi yote.

Pengo hilo linazidi kuwa muhimu kwa sababu zana za akili bandia sasa hurekebisha sentensi kwa kasi: hugeuza kauli ya kutendwa kuwa ya kutenda, hukata maneno ya ziada, hupanga orodha. Zana hizo hazikuwa zimekaa nyuma ya mtunza ghala, na hazikujua kwamba folda mbili zilikuwa moja. Ndiyo maana leo ningemshauri mwanafunzi azisome kanuni za sentensi ili aweze kuyahukumu maandishi, yawe yake au ya mashine, lakini nguvu zake nyingi azipeleke kwenye kuuliza na kujaribu.

Pengo la pili ni kwamba kozi zimejikita kwenye programu za kompyuta. Atakayeandikia pampu, mashine za hospitali au vifaa vya umeme hatakuta humo somo la maonyo ya usalama, na hilo kwake ni somo la uhai na kifo: onyo linakaa kabla ya hatua yenye hatari, halikai baada yake, na linasema hatari ni ipi, itamfanya nini mtu, na aiepuke vipi. Huyo atahitaji kukifahamu kiwango cha kimataifa cha IEC/IEEE 82079-1, kinachohusu maelezo ya matumizi ya bidhaa. Anayetaka kuandikia API, yaani njia ambayo programu moja hutumia kuwasiliana na nyingine, naye atahitaji kitu cha ziada, na kwake napendekeza kozi ya bure ya Tom Johnson kuhusu nyaraka za API, ambayo ni ndefu, ina mazoezi ya kutosha, na imeandikwa na mtu anayeifanya kazi hiyo. Kwa kupanga nyaraka kubwa, mfumo wa Diátaxis wa Daniele Procida, unaotenganisha mafunzo, maelekezo ya kazi, marejeo na maelezo, umenisaidia kuliko somo linalolingana nalo katika kozi ya pili. Kuhusu zana, kozi ya kwanza inaigusa Markdown, namna ya kupanga maandishi kwa alama rahisi, kama somo la hiari. Git, zana ya kutunza na kufuatilia mabadiliko ya faili, utalazimika kujifunza kwingine, na ujifunze mapema, kwa maana timu nyingi sasa huhifadhi nyaraka pamoja na msimbo na kuzipitia kwa utaratibu ule ule.

Jambo linaloulizwa zaidi ni cheti. Usiingie kwa ajili ya karatasi. Niliwahi kulipia kozi nyingine, ya taasisi nisiyoitaja hapa, ambayo ilinipa cheti kizuri na slaidi nyingi, lakini hakuna hata mara moja ambapo mtu alilisoma andiko langu na kuniambia limekwama wapi. Katika usaili wote niliofanyiwa baada ya hapo sikuulizwa kuhusu cheti hicho, niliulizwa sampuli. Hata vyama vya taaluma si nguzo ya kuegemea milele: Society for Technical Communication, chama kilichokuwa na historia ya tangu mwaka 1953 na kilichokuwa kikitoa vyeti, kilifunga shughuli zake mwaka 2025. Jumuiya ya waandishi wa nyaraka iitwayo Write the Docs, iliyoanza mwaka 2013, bado ina mikutano na mazungumzo ambamo anayeanza hupokewa vizuri, na humo nimepata wasomaji wa rasimu zangu bila kulipa chochote.

Kwa hiyo zitumie hivi. Kozi ya kwanza isome yote isipokuwa somo la hiari la sarufi kama Kiingereza chako kimeshiba, na anza na somo la hadhira hata kama limewekwa baada ya masomo mengine. Usiiguse ya pili mpaka uwe na rasimu yako mwenyewe ya kurasa chache, ya kitu halisi ambacho mtu halisi anakihitaji: mwongozo wa mashine ya kuchapisha ya ofisini kwenu, au ukurasa wa maelekezo wa mradi fulani wa programu huria ambao unaona umeandikwa vibaya. Kisha mtafute mtu mmoja anayesoma kozi hiyo hiyo, mbadilishane rasimu kama kipindi cha darasani kinavyotaka, na kabla hamjaanza kusahihishana sentensi, kila mmoja ajaribu kufuata hatua za mwenzake kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, huku mwandishi amekaa nyuma yake, kimya, na kalamu mkononi.